Kwa Enin Juhaenah, Aliyetukanwa na Kila Kijiji

Mwaka umezunguka, Enin, bibi yetu, tangu asubuhi ile ulipoinama juu ya bakuli la kokwa za jengkol, ukasema Mama, binti yako Yoyoh, amezichemsha vibaya, ukaegemea ukuta, usiseme tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya mwisho. Wapo watu wa ukoo huu wanaowaambia majirani kwamba uliondoka ukitabasamu na kuwaombea wote heri. Sisi tuliokuwepo tunajua uliondoka ukilalamika, na tunaamini Mwenyezi Mungu, ajuaye lugha zote, alikuelewa.

Tuanze na habari mbaya: nyumba yako inanukia mawaridi.

Tunasikitika sana. Mwanao mkubwa, Mjomba Suganda, alileta kichupa cha marashi ya kunyunyizia, akanyunyiza mapazia, akanyunyiza mkeka wako, akamnyunyiza na mumeo, babu yetu Mbah Darmin, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti. Mbah alipiga chafya hadi meno yake ya bandia yakaangukia kwenye kahawa. "Nani amekufa tena?" aliuliza. Akaambiwa hakuna, ni usafi tu. Akasema usafi gani huu unaonukia kama chumba cha kinyozi.

Enzi zako nyumba hii ilikuwa na uvundo wa haki. Kulikuwa na kopo la maziwa ulilotemea tambuu, limekaa chini ya kiti, jekundu ndani kama kidonda. Kulikuwa na uduvi uliooza wa kutia kwenye pilipili. Kulikuwa na jengkol, kokwa zinazonuka kabla ya kuliwa, zikiliwa, na kesho yake msalani. Na juu ya hayo yote zilikuwepo kanda zako za kaseti, makopo kwa makopo ya biskuti, zimeota kuvu nyeupe, zikitoa harufu ya soksi za bweni zima mwezi wa mvua. Wageni walikaa karibu na dirisha. Mjomba alikaa nje.

Hatukusifii hayo. Yalikuwa machukizo, na tulikuambia ungali hai. Ila mtu akiingia alijua kwamba humu anaishi mtu. Sasa akiingia anadhani anakuja kung'olewa jino.

Kazi yako ilikuwa kutafiti lugha: Kisunda chetu sisi wa magharibi mwa kisiwa cha Java, Kijava cha Mbah, na vile visivyojua viko upande gani, katikati ya milima. Mama alipoulizwa mama yake anafanya nini, alijibu kwa sauti ndogo, kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Tunamwelewa. Mama wa wenzake walirudi kutoka kazini na keki. Wewe ulirudi na tope hadi kiunoni, sauti imekauka kwa kucheka, na matusi mapya ya kijiji kipya.

Wasomaji wasiokufahamu lazima waelezwe jambo hili, la sivyo watadhani tunamsema kichaa.

Wenzako wa idara ya lugha walikwenda vijijini na mashati ya pasi. Walimkuta mzee anamtukana nyati wake, wakainamisha vichwa, wakamwuliza kwa lugha ya juu, ile ya kumsemesha mkubwa na mgeni: "Tafadhali, mzee wetu mtukufu, kwenu huku hiki mwakiitaje?" Mzee wa watu akamwacha nyati, akafuta mikono, akavaa sauti ya harusi, akajibu kwa lugha ya juu vilevile. Kwetu mtu akikujia kwa adabu huwezi kumjibu kwa lugha ya jikoni. Afadhali ardhi ikumeze. Basi wenzako walirudi mjini Bandung na ramani kubwa ya rangi, na kwa mujibu wa ramani ile kila mchunga bata kutoka pwani ya kusini hadi mpaka wa Wajava anaongea kama mke wa mtawala.

Uliitazama ramani, ukasema neno ambalo gazeti hili halitalichapa.

"Mmeleta nguo zao za sikukuu," uliwaambia. "Mtu mwenyewe yuko wapi?"

Wewe hukuuliza kitu. Ulifika kijijini, ukaficha kinasa sauti chako kwenye kapu, ukafanya jambo la kijinga. Ulitwanga mpunga nje ya kinu. Ulitia chumvi mara mbili kwenye chungu cha watu. Ulimwogesha mbuzi wa mtu kwenye maji ya kunywa. Kisha ulisimama ukiwa umeduwaa, ukasubiri. Na kijiji kikafunguka kama bwawa lililopasuka ukingo: sauti za kweli, maneno ya kweli, watu walivyo. Wakishamaliza ulitoa kinasa sauti, ukawasikilizisha, ukaomba radhi na ruhusa ya kuondoka na kanda. Hatujasikia hata mmoja aliyekukatalia. Wengi waliomba warudie tusi moja au mawili waliyoona hayakutoka vizuri.

Kwa Mbah Darmin ulifungulia bata. Ulikuwa Banyumas, ukitafuta mahali Kisunda kinapokoma na Kijava kinapoanza, na yeye alikuwa kijana mwenye bata wengi na subira kidogo. Wajava wa mjini huwacheka watu wa kwao kwa Kijava chao kizito. Ulimwambia hujawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Betri ziliisha kabla hajamaliza. "Nilidhani mwizi," Mbah husema mpaka leo. "Nilipojua ni msomi nikamhurumia, nikamwoa." Kanda ile ilichezwa kwenye harusi yenu, na baba yako hakusema nanyi hadi Mjomba alipozaliwa.

Tunakumbuka pia wema wako, ingawa wewe ungeona aibu kuusikia. Mtu uliyemrekodi akifariki, ulibeba kanda yake, ukapanda milima na goti lako bovu, ukakaa na watoto wake, ukawasikilizisha mama yao akiwafokea kuku. Hukuhubiri. Hukuleta shada la maua ya sponji lenye jina la ofisi. Ulibonyeza kitufe, mama akafoka, watoto wakalia wakicheka, ukala walichokupa, ukarudi. Mjomba aliwahi kukuuliza kwa nini usiwapelekee walau sauti nzuri, ya dua au ya salamu. Ulimwambia, "Salamu aliwapa wapita njia. Matusi aliwapa hao tu."

Kwetu hilo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Lugha laini ni ya mgeni. Lugha ya kukwaruza ni ya mtu wako.

Sasa tufike kwenye lile linalotutia kichefuchefu.

Mjomba Suganda ni mtu mzuri. Tunasema hivyo kwa moyo, na pia kwa sababu anasoma gazeti hili kila asubuhi. Anafanya kazi ofisi ya wilaya, anafungua mikutano na kufunga mikutano, na kwa miaka mingi hajasema sentensi isiyopigwa pasi. Hata paka wako, Mjomba humsemesha kwa lugha ya juu. Paka anaondoka.

Kisomo cha mwaka kilipokaribia, alitukusanya sebuleni, katikati ya harufu ya mawaridi. Alisema ofisi moja ya utamaduni itakuheshimu siku hiyo. Italeta bamba la shaba lenye jina lako na maneno haya: Mlezi wa Lugha ya Adabu.

Enin, Mama alikuwa anakunywa chai. Ilitokea puani.

"Kaka," alisema akijifuta, "unamzungumzia mama yupi?"

"Yoyoh, tafadhali. Na kanda zake watazichukua, zihifadhiwe. Ila si hivi zilivyo. Nimempata kijana wa kompyuta, anazisafisha."

"Anatoa kuvu?"

"Kuvu, na yale mengine."

"Mengine yapi?"

Mjomba alitazama dari. "Mama yetu hawezi kusikika akitukanwa mbele za watu. Hicho ni kitu gani? Mtoto gani atakaa na kusikiliza mama yake anaitwa... anaitwa vile?"

"Lakini mwenyewe alikuwa anafurahi, Kaka. Alikuwa akirudi anatusimulia."

"Hata mlevi hufurahi."

"Na kanda zenyewe?" aliuliza Mama. "Zile za asili?"

Alijibu haraka, kama mtu anayemeza dawa. Zina kuvu. Zinaleta kikohozi. Baba mzee, kifua chake hakiko sawa. Baada ya kisomo, wageni wakishaondoka, zitachomwa nyuma ya nyumba pamoja na majani ya migomba.

Mbah Darmin alikuwa anamenya yai. Aliliweka chini nusu limemenywa, akatoka kwenda kwa bata wake, hakurudi kulimalizia.

Mjomba si katili, na hili ndilo linalochukiza zaidi. Katili tungejua la kumfanya. Alikuwa anafanya kile ambacho mtoto mwema wa kwetu hufanya: kumvalisha mama yake vizuri kabla wageni hawajafika. Kosa kama hilo huwezi kumfokea mtu. Unaweza tu kukaa nalo sebuleni na kulinusa.

Alitusikilizisha kanda safi. Kijana wa kompyuta alikuwa fundi kweli. Alitoa matusi. Kisha akatoa vicheko, kwa kuwa vilifuata matusi. Kisha akatoa mbuzi, kuku, mzee anayecheua, mtoto anayelia na mvua. Zikabaki salamu. "Karibuni." Kimya. "Ahsante." Kimya. "Tumeshukuru." Kimya. Ilikuwa kama kusikiliza makaburi yakipishana mlangoni. Na sauti yako haikuwemo kabisa, Enin, hata kikohozi, maana kila ulipofungua kinywa ulikuwa unamchokoza mtu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Ndiyo hiyo kazi yake, Yoyoh."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza yuko wapi."

Mjomba alizima mashine, akanyunyiza marashi.

Jambo lililofuata linasikitisha, na sisi kama familia tunalilaani vikali. Siku chache kabla ya kisomo mtu asiyejulikana aliingia chumbani mwako. Alitoa kanda zako zote kwenye makopo ya biskuti, akayajaza kanda za mazoezi ya viungo na za kujifunza Kiingereza. Zile zako alizifunga kwenye mifuko ya nailoni, akazifukia chini kabisa ya kapu kubwa la jengkol jikoni, mahali ambapo pua ya Mjomba haijawahi kufika tangu utoto. Tunamtafuta mhalifu huyo. Mjukuu wako Nenden, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule ya bweni, aliulizwa, akasema alikuwa anasali.

Siku yako ikafika. Baada ya swala ya alasiri watu walijaa hadi uani. Yasini ilisomwa vizuri, na kwa hilo hatuna maneno. Kisha akasimama bwana mkubwa wa ofisi ya utamaduni, na bamba lake kwapani, akaanza kusema kwa lugha ya juu sana, ya juu kiasi kwamba baadhi yetu tulihitaji ngazi. Alisema marehemu alikuwa ua la ustaarabu. Alisema neno gumu halikupata kupita katika midomo yake. Alisema alivitembelea vijiji kama mwezi uvitembeleavyo visima.

"Wamekosea nyumba?" Mbah alimwuliza Mama, kwa sauti ya mtu ambaye kifaa chake cha masikio kiko mfukoni.

"Nyamaza, Baba."

"Mwambie kwa akina Haji Rosidin ni nyumba ya tatu."

Tunakiri tulikuwa na kinyaa, Enin. Watu waliofunga madirisha yao ulipopita na kapu lako walikuwa wanafuta machozi na vitambaa safi. Kila mmoja alikuongelea kama mtu anayemwongelea mgeni aliyepita mara moja akanywa maji.

Mlangoni, kati ya wanawake, alikuwa amekaa bibi mmoja mdogo, miguu imekunjwa chini yake, macho kwenye mkeka. Alikuja na lori la kabichi kutoka milima ya kusini. Ni Ema Onih, yaani Mama Onih, ambaye kwenye shamba lake ulianzia kazi hii. Mjomba alimwendea, akainama, akamwomba kwa lugha ya juu awape wageni maneno machache juu ya marehemu.

Na Ema Onih, mwanamke ambaye tusi lake moja liliwahi kumrudisha mkusanya kodi mjini, alikusanya viganja vyake, akavaa sauti ya harusi, akasema: "Marehemu alikuwa mtu mwema. Tumeshukuru."

Basi. Akainama tena. Alikuwa ameulizwa kwa adabu, angejibuje? Alikuwa amesafiri tangu alfajiri juu ya kabichi kuja kukuaga, na tulimwona anaanza kutafuta viatu vyake.

Hapo Mjomba akatangaza kwamba wageni sasa watasikia sehemu ya kazi ya marehemu. Alikuwa ameagiza kanda safi inakiliwe kwenye kaseti, kusudi ichezwe kwenye mashine yako mwenyewe ya zamani, iliyounganishwa na spika mbili kubwa. Wazo zuri. Akabonyeza.

Mashine ilikwaruza. Jogoo akawika. Maji yakachurura. Kisha, kubwa kuliko nyumba, sauti yako.

"Onih, hivi nikienda mbele si ndiyo nitamaliza upesi?"

Ulikuwa kijana, Enin. Hatukuwahi kujua ulikuwa na sauti ile.

"Mbele?" spika zililia. "Mbele wapi, we mwanamke? Una macho au una vitovu viwili usoni? Mpunga hupandwa kinyumenyume! Kinyumenyume! Tazama, umeikanyaga miche yote uliyopanda! Nani aliyekuzaa, bata?"

Bwana mkubwa alishika bamba lake kifuani kama ngao. Mjomba aliruka kuelekea mashine. Mbah Darmin, aliyekuwa amekaa katikati ya njia, alinyoosha mguu wake mbaya, pole pole, kama mzee anayetafuta nafasi ya kupumzika. Mjomba akaenda chini.

Kwenye kanda ulikuwa unacheka. "Nifundishe basi. Mimi mtoto wa mjini."

Na mlangoni Ema Onih akainuka.

"Nikufundishe?" alisema. Sauti ya harusi ilikuwa imekwisha, na jina lako limefupishwa kama enzi za shambani. "Nimekufundisha mara ngapi, we Enah? Mara ngapi? Kila msimu unakuja na miguu yako ya bata, kila msimu nakwambia, hujui kupanda mpaka umekufa! Kichwa kama nazi iliyotoboka!" Alikuwa anaitazama spika, ameinyooshea kidole. "Si nilikwambia tunarudi nyuma polepole, mstari mmoja, wote pamoja? Nani alikwambia utangulie? Eh? Umekwenda mbele peke yako tena, mshenzi wewe, umetukanyaga sisi wote!"

Hata kabichi, tunadhani, zilinyamaza kwenye lori.

Kisha mwanamke mmoja wa kijijini kwake akaanza kucheka na kulia, na mwingine, na Mama akafunika uso kwa shela, mabega yanaruka, na hatukujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima mtu kukulilia katika nyumba hii. Kabla ya hapo tulikuwa tunakuheshimu.

Lakini kanda haikuwa imekwisha. "Na hako katoto kako!" ilifoka. "Tazama! Kanakojolea wali wangu! We Enah, kaondoe!" Na mtoto akaanza kulia, kilio kirefu, cha kijinga, cha mtu aliyekatizwa kazi yake.

Ema Onih aligeuka taratibu. Mjomba alikuwa bado chini, kofia imekaa upande.

"Ni wewe," alisema.

"Mama mheshimiwa," alianza Mjomba, "ikiwapendeza, mimi mwanenu mnyonge nawaomba..."

"Sema kama mtu!"

Mjomba alitazama bamba. Alitazama spika, ambamo alikuwa bado analia. Halafu kikatoka Kisunda cha jikoni, Enin, kutoka mahali ambapo hakuna marashi yaliyofika:

"Ema, mi nilikuwa mtoto, bwana! Na huo wali wako wenyewe ulikuwa na mchanga!"

"Mchanga? Wali wangu?"

"Mchanga tupu! Mama alituambia tule tu tusikutie aibu!"

"Muongo kama mama yako!" Ema Onih alipiga kelele, akaangua kicheko, akakaa naye pale pale chini, akamshika masikio yote mawili kama mtoto. Na mwanao mkubwa, mfunguaji wa mikutano, alilaza kichwa kwenye mapaja yenye harufu ya kabichi, akalia kilio kilekile cha kwenye kanda, hadi ikawa taabu kujua kipi ni kipi.

"Huyo sasa ndiye mwanangu," alisema Mbah. "Nilikuwa najiuliza amekwenda wapi."

Bwana mkubwa aliondoka kabla ya chakula, ingawa sanduku lake la wali wa manjano alilikumbuka. Alisema bamba limekwisha andikwa Adabu na haliwezi kubadilishwa. Aliichukua ile kanda safi, ambayo mtu asiyejulikana alikuwa ameitoa kwenye mashine na kuweka nyingine. Mwacheni. Ina "ahsante" za kumtosha hadi uzeeni.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mjomba alisimama katikati ya nyumba. "Makopo yana mazoezi ya viungo," alisema. "Nimeyafungua asubuhi nichungulie kabla ya kuchoma. Kanda ziko wapi?"

Nenden alikuwa anasali tena.

Mjomba alivuta pumzi, na pua ikamwambia. Alikwenda jikoni. Alisimama mbele ya kapu la jengkol, uso umekuwa rangi ya jani la mgomba, akakunja mikono ya shati lake la hariri, akaingiza mkono hadi begani. Alitoa mfuko baada ya mfuko. Kila mara aligeuza uso, akapumua kwa mdomo, akarudi. Kuvu ilimshika kwenye kope. Alipomaliza alikuwa ananuka kama wewe, Enin, na hatuna sifa kubwa zaidi ya kumpa mtu.

Kesho yake alizipeleka mwenyewe Bandung, kwa mwanafunzi wako wa zamani ambaye anafundisha chuo kimoja huko na anazitaka jinsi zilivyo: matusi, mbuzi, kuvu na vyote. Alizipakata njia nzima, kapu lenyewe la jengkol mapajani, madirisha ya gari yamefungwa, kwa kuwa aliambiwa upepo na vumbi vitazimaliza. Dereva anasema walisimama mara kadhaa. Anasema Mjomba alitapika kwenye mtaro karibu na msikiti mpya, akafuta mdomo, akarudi kwenye kiti, akakumbatia kapu, na akasema lile neno la kwanza kabisa ambalo kijana wa kompyuta alilikata.

Kanda moja tu imebaki nyumbani. Ya bata. Mbah huicheza akimaliza kula. Husikiliza jinsi alivyokutukana, hungoja mahali unapocheka, huzima.

Wanaokukumbuka ni mumeo, Mbah Darmin, na bata waliosalia. Wanao, Suganda, ambaye sasa anamfokea paka, na Yoyoh, ambaye angali anachemsha jengkol vibaya na hana tena wa kumwambia. Mjukuu wako Nenden, ambaye hakuhusika na lolote. Na rafiki yako Ema Onih, anayesema msimu huu amekuachia nafasi kwenye mstari, na ole wako uende mbele.

Usidhani utasahaulika, we Enah. Kichupa cha mawaridi kimetupwa, madirisha tumeyafungua yote, na bado umo humu.